Jiko Limeshafungwa, Dada

Machi 4

Mvua imeanza, na mimi nimehamishiwa zamu ya jioni. Ndivyo ilivyo kila masika katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kamba za uani hazifai tena, mashuka ya wodi zote lazima yapite kwenye mashine mbili za kukaushia, na mashine mbili hazimalizi mzigo ule kabla ya usiku. Kwa hiyo sisi tunaokunja tunaingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku, mpaka mbingu zitakapochoka. Msimamizi alitutangazia habari hiyo huku akitafuna karanga. Hakutukaribisha hata punje.

Mume wangu ni mwoka mikate. Anaingia kazini saa sita usiku na kurudi asubuhi na unga mpaka kwenye nyusi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Unga. Nikiondoka mchana, yeye amelala. Akirudi asubuhi, hana hata nguvu ya kuvua viatu. Muda ambao sote tuko macho ni ule kati ya saa nne na saa sita usiku, basi. Hiyo ndiyo ndoa yangu mpaka mvua ikatike.

Nyumbani haiwezekani. Mama mkwe yuko kwetu tangu apasuliwe jicho, na analala sebuleni, kichwa kikiwa upande wa jiko. Ukiwasha kiberiti tu, ameshakaa kitandani. Daktari amesema alale. Tumekubaliana tutakuwa tunakutana mjini, tule pamoja, kisha kila mtu ashike njia yake. Mama asijue, maana mwanamke ambaye chungu chake hakijawahi kumwangusha ukimwambia mwanawe anakula hotelini ni kama umemtukana. Bwana Unga atamwambia kwamba siku hizi wanapewa chakula kazini, asimpikie. Ameahidi.

Machi 5

Mgahawa ulio mkabala na hospitali una bango: TUPO WAZI HADI USIKU WA MANANE. Tumefika saa nne na kidogo. Viti viko juu ya meza, miguu hewani, na mhudumu anapiga deki.

"Jiko limeshafungwa, dada," akasema.

Nikamwonyesha bango. Akalitazama kama vile hajawahi kuliona. "Hilo ni la mlango, dada. Mlango uko wazi. Soda ipo."

Tumekunywa soda tumesimama. Nimelala na njaa na hasira, na hasira ndiyo iliyoninyima usingizi.

Machi 6

Mgahawa wa pili. Jiko limeshafungwa, dada.

Machi 9

Leo tumejaribu baa yenye jiko, kwa ushauri wa mwenzangu wa kukunja, yule ninayeshika naye ncha za shuka. Anaujua mji wote kwa maneno. Nilitangulia kufika, nikakaa peke yangu nikimsubiri mume wangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwanamke aliyekaa peke yake usiku haonekani ana njaa. Anaonekana ana biashara.

Mhudumu aliniuliza nimekuja na nani. Nikasema nimekuja na tumbo langu. Bwana mmoja wa kaunta akaniletea chupa ya bia ambayo sikuiagiza, na nilipoirudisha akasema nina maringo. Bwana Unga alipoingia, mhudumu akamvuta kando na kumnong'oneza, "Kaka, huyo kuwa naye makini." Mume wangu akacheka! Eti nilegeze uso, ni utani tu. Nikamuuliza, kama yeye angekaa pale peke yake, nani angemuuliza amekuja na nani? Akaagiza kuku. Kuku alikuja akiwa mbichi kwenye mfupa.

Machi 12

Kantini ya hospitali inafungwa saa moja. Hospitali! Kwani wagonjwa huwa wanapona jua likizama?

Machi 15

Kibanda cha viazi vya kukaanga, karibu na kituo cha mafuta. Mafuta ya kukaangia yalikuwa meusi kuliko yale ya magari. Tumekula tumesimama chini ya mwavuli mmoja mkubwa wenye tundu, na tundu lilikuwa juu ya sahani yangu. Nikisogea, mgongo unalowa. Nikirudi, viazi vinaogelea. Nikamwambia mwenye kibanda, akanijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki. Nilitazama kulia na kushoto. Hakukuwa na wateja wengine.

Mji huu unashangaza. Usiku kuna wauguzi, walinzi, madereva, waoka mikate, wafuaji. Mwenye nyumba akiamka asubuhi anakuta shuka safi na mkate wa moto, anadhani vimeshuka na mvua. Hao waliovifanya walikula wapi, hajawahi kuuliza.

Machi 16

Viazi vimenifanyia kisa. Sikwenda kazini.

Machi 21

Nimepata! Naandika nimeshiba.

Nyuma ya soko la mboga, pale malori yanaposhusha magunia, kuna jengo la mbao lenye dirisha la wavu. Wapakuzi wa magunia wanakula pale usiku kucha. Mwenyewe ni baba mmoja mnene, wanamwita Bado, kwa sababu kila ukichungulia na kuuliza kama amefunga, anajibu neno hilo moja. Nilichungulia, nikauliza, tayari nimekunja uso kwa lile jibu nililolizoea.

"Bado," akasema. "Ingia, utalowa."

Wali wa moto. Maharage yaliyoiva mpaka yamelegea. Samaki mwenye kichwa chake. Wapakuzi walisogea kidogo tupate nafasi kwenye benchi, hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani. Nilikula mpaka nikaona haya. Bwana Unga alikula nusu, akasema amechoka.

Na kutoka pale mpaka nyumbani ni hatua chache tu. Siku zote hizo tulikuwa tunahangaika upande wa pili wa mji, kwa kumsikiliza mtu wa ncha za shuka.

Machi 22

Kwa Bado. Supu.

Machi 27

Tuna benchi letu sasa, lile la chini ya dirisha. Bwana Unga hutangulia, huniagizia, na chakula changu hukikuta kimefunikwa kwa sahani nyingine kisipoe. Jana alinisimulia jinsi mwenzake alivyosahau hamira kwenye donge zima la unga, wakatoa mikate bapa, na bosi akaiuza kama aina mpya. Nilicheka hadi nikapaliwa. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mcheshi. Unamsahau mtu kwa kumwona amelala tu.

Nyumbani mambo ni mazuri. Asubuhi naosha vyombo na kukuta sufuria limekwisha, limekombwa kabisa. Mama anapika jioni na anakula vizuri. Nilimwambia apumzike, akanijibu kwamba kilichopasuliwa ni jicho, si mikono. Jicho bado limefunikwa, lakini mgonjwa anayemaliza sufuria yuko njiani kupona. Namshukuru Mungu.

Aprili 3

Kuna jambo linanikera, na nitaliandika.

Hali tena chakula. Kila usiku nusu sahani. Wali anauzungusha, samaki anamchokonoa kama anamtafutia kosa. Leo nimemuuliza, akasema joto la tanuri linamuua hamu. Joto gani, na bado hajaenda kazini? Mimi nimezunguka mji mzima na mvua, nimeitwa majina, nimeharisha kwa ajili ya meza hii, halafu mtu anakaa mbele yangu na kuhesabu punje!

Na anavyonenepa! Suruali aliyoivaa kwenye harusi ya mdogo wake haifungi. Anakula nusu sahani na ananenepa. Nimemweleza mwenzangu wa kukunja, naye akavuta ncha yake ya shuka na kusema, "Shoga, mwanamume asiyekula kwako ana anakokula." Nikamwambia akunje shuka.

Aprili 4

Halafu anajipaka manukato. Mtu anayekwenda kukanda unga.

Aprili 9

Leo nimejua, na afadhali nisingejua nikiwa na mwiko mkononi.

Asubuhi nilikuwa naosha sufuria. Mama akaniita nikae karibu yake. Alishusha sauti, ingawa aliyekuwamo ndani ni mwanawe tu, naye anakoroma.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi si mtu wa kuchonganisha."

Mtu akianza hivyo, jiandae.

"Mumeo anaingia kazini saa sita. Lakini anatoka hapa saa tatu na nusu. Kila siku. Ananyoa, ananukia. Namuuliza, anasema anakwenda kuwasha tanuri. Tanuri gani linataka manukato?"

Nilitaka kucheka. Nilijua anakokwenda, anakuja kwangu. Nikatafuta jibu lisilomfichua mtu. Lakini Mama hakuwa amemaliza.

"Na chakula changu anakula vizuri, sisemi uongo. Sahani mbili, kila jioni, anakomba na sufuria. Mimi nakula kijiko kimoja tu, unajua dawa zinaniondolea hamu. Ndiyo maana nasema huyo mwanamke hampi chakula. Anampa kitu kingine."

Mwiko ulinitoka mkononi.

Sahani mbili! Kila jioni! Kumbe lile sufuria nililokuwa namshukuru Mungu kwalo!

Usiku sikukaa kwenye benchi. Nilisimama mbele yake, wapakuzi wanasikia.

"Umekula nini leo nyumbani?"

Alijaribu kutazama samaki. Kisha akasema, "Nyama na viazi."

"Uliahidi utamwambia Mama."

"Nilishindwa. Siku ya kwanza nilifungua mdomo nimwambie, akawa ameshapakua. Amepika na jicho moja, mke wangu. Ungeweza wewe?"

"Kwa hiyo unakuja hapa umeshiba. Mimi natoka kukunja mashuka, miguu imevimba, nakuhangaikia ule, na wewe umeshiba! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema kweli. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungesema nisije. Ungesema nilale kidogo nyumbani, wewe utakula peke yako."

Ni kweli, ningesema hivyo. Lakini hasira ikishapanda haishuki kwa sababu mtu amesema kweli. Nilimwambia kwamba msimu mzima nimekula na tumbo lililoshibishwa na mama yake. Nikaondoka, samaki wangu akabaki chini ya sahani yake.

Aprili 10

Sikwenda kwa Bado. Mkate mkavu, kando ya mashine ya kukaushia. Mkate wenyewe ni wa kiwanda chake. Nimeutafuna kwa uchungu.

Aprili 11

Mkate.

Aprili 13

Mkate. Mwenzangu wa kukunja anasema nimekonda na inanipendeza. Sitazungumza naye tena.

Aprili 15

Mvua ya leo ilikuwa ya kuvunja matawi. Umeme ulikatika, mashine zikasimama na mashuka ya wodi ya wazazi yakiwa tumboni mwake, na tukaruhusiwa kuondoka. Mwenzangu, ambaye nilikuwa nimeapa kutozungumza naye, alinipa koti lake la mvua lenye kofia, refu hadi miguuni. Nililivaa bila kuzungumza.

Nilikuwa nakwenda nyumbani. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini njia ya nyumbani inapita nyuma ya soko, na dirisha la wavu lilikuwa na mwanga wa mshumaa, nikachungulia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi letu. Mbele yake, upande wangu, kulikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani.

Bado alinipokea mlangoni. "Kila siku hivyo," akaninong'oneza. "Anaagiza chako, anafunika, anakaa mpaka muda wake ufike. Hagusi. Kaa naye, dada, ananitia unyonge mteja yule."

Nikakaa. Sikuvua koti wala kofia, nisije nikaonekana nimesamehe. Nilifunua sahani, wali ulikuwa bado una joto. Nikaanza kula. Yeye akanisogezea maji. Kisha mshumaa ukazimika, Bado akajigonga kwenye meza na kumtukana fundi wa umeme, mama wa fundi, na shule aliyosoma, na mume wangu akaangua kicheko. Mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka gizani, midomo imejaa wali.

Mshumaa ulipowashwa, mlango ulifunguka kwa kishindo. Mimi nilikuwa nimeupa mgongo. Nilichosikia ni sauti.

"We mwanamke! Wanaume wamekwisha mji mzima huu, mpaka umfuate mume wa mwenzio? Ana mke nyumbani! Mke mzuri, anavunjika mgongo na mashuka ya wagonjwa, na wewe umekaa hapa unachekacheka!"

Wapakuzi waliacha kutafuna. Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, jicho moja limefunikwa, mwavuli umenyanyuliwa juu tayari kushuka kichwani mwangu. Nikavua kofia ya koti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, mwavuli ukiwa bado juu.

Alinitazama. Akamtazama mwanawe. Akalisogelea koti na kulishika, kama anayehakikisha aliyemo ndani ni mimi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Kumbe mwizi ndiye mwenye mali!" akasema, akakaa kwenye benchi kwa uzito, na wapakuzi wakapiga makofi.

Bwana Unga alieleza yote akiwa ameinamisha kichwa, zamu, saa nne, usingizi wake, chakula chake. Mama alisikiliza. Nilitegemea atamwaga machozi kwa ajili ya chungu chake. Badala yake akamwambia Bado alete anachokula mkwe wake. Akaonja. "Maharage hayana chumvi," akasema, na akala mpaka akamaliza. Kisha mume wangu akatimka kwenda kazini, sisi wawili tukashika njia ya nyumbani chini ya mwavuli mmoja, nimemshika mkono upande wa jicho lililofunikwa.

Karibu na mlango akasimama.

"Nilimfuata leo, giza likanichelewesha. Sikuingia mara moja," akasema. "Nilisimama dirishani kwanza, nipate uhakika. Nikamsikia mwanangu anacheka na chakula mdomoni. Mimi nimempikia tangu aote meno. Sikujua kama huwa anacheka anapokula."

Nikamwambia tuingie ndani, analowa.

"Baba yake nilikuwa nampakulia, halafu nasimama mlangoni mpaka amalize, nitoe vyombo. Mpaka alipofariki. Sikuwahi kukaa naye meza moja. Hakunikataza, wala hakuniambia kaa. Nilifikiri ndivyo ilivyo." Akajifuta uso. "Nami sikuwa nalala, ukirudi usiku. Nasikia unavua viatu nje. Najifanya nimelala ili msisumbuke."

Nimekaa hapa na kalamu na sijui hasira hii niielekeze wapi. Mgahawa una bango la uongo, naujua. Bwana wa kaunta namjua. Lakini huyu mzee aliyekula miaka yote ile na mkewe amesimama mlangoni, asiinue kichwa hata mara moja kumwambia vuta kiti, ameshakufa, na siwezi kumfokea. Nimelia kwa hasira. Mama amelala kweli leo, anakoroma kuliko mwanawe.

Aprili 16

Mama hakumpikia mwanawe. Alimwambia, "Hapa hakuna kitu. Nenda ukale na mkeo." Bwana Unga alifika kwa Bado ana njaa ya kweli kwa mara ya kwanza msimu huu. Alimaliza sahani yake. Akamaliza na samaki wangu, kichwa na mkia, sijakaa vizuri. Nimegombana naye. Imebidi niagize upya.

Aprili 24

Jicho limefunguliwa. Mama anaona. La kwanza aliloona ni vumbi juu ya kabati langu.

Mei 11

Mvua imekatika. Mashuka yamerudi kwenye kamba, na mimi nimerudi zamu ya asubuhi. Nilipita kumuaga Bado, akasema hakuna kuagana, yeye hafungi.

Nimefika nyumbani jua lingalipo. Bwana Unga alikuwa macho. Mama alikuwa amepika, nyumba nzima inanukia vitunguu. Tukakaa mezani. Akapakua sahani mbili, akaziweka mbele yetu, akafuta mikono, akaenda kusimama pembeni ya mlango.

"Mama, njoo ule," mume wangu akasema.

"Kuleni. Mimi niko jikoni, kuna kitu naangalia."

Hakukuwa na kitu jikoni. Na pale alipokuwa amesimama hapakuwa jikoni, palikuwa mlangoni, na mikono ameikunja mbele, akitusubiri tumalize atoe vyombo. Ile hasira yote ya msimu, ya mabango, ya chupa ya bia, ya mwavuli wenye tundu, ilinipanda tena. Niliinuka. Nikaenda nikazima jiko, nikafunika sufuria kwa kishindo, nikavuta kiti cha tatu.

"Jiko limeshafungwa, Mama," nikamwambia. "Kaa ule."

Alinitazama kwa macho yote mawili. Akaja, akakaa.